Tukiachana na Canterbury, bado sisi ni Waanglikana?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Malindi, mzee wa kanisa katika parishi ya ACK, yaani Kanisa la Anglikana la Kenya: "Tangu Oktoba 2025 vijana wetu wanarushiana habari kwenye kundi la parishi. Mara GAFCON, ule umoja wa Waanglikana wanaoshikilia mafundisho ya kale, imejitenga na Canterbury, mara Askofu Mkuu mpya ni mwanamke, mara sisi si Waanglikana tena. Binti yangu yuko Uingereza anasomea uuguzi, naye ananiuliza kama ashiriki Meza ya Bwana kanisani huko. Mzee mwenzangu anauliza kiwanja cha kanisa kitakuwa cha nani. Nisimame mbele yao na jibu gani?"

Bwana asifiwe, mama.

La kuwaambia Jumapili hii ni hili: bado ni Waanglikana; ubatizo na kipaimara chao havijaguswa; binti yako anaweza kushiriki Meza ya Bwana huko aliko; na kiwanja cha kanisa hakitegemei Canterbury. Ila jibu hilo halitawatuliza muda mrefu, wala halipaswi. Kuna kitu kimepasuka kweli, na vijana wana haki ya kuonyeshwa kimepasukia wapi, maana wengi wanatafuta ufa pasipokuwa na ufa.

Wanaanza kwa kudhani kwamba Canterbury, kiti cha askofu mkuu wa Kanisa la Uingereza, kwetu ni kama Roma kwa jirani zetu Wakatoliki. Sivyo. Askofu Mkuu wa Canterbury hamweki wala hamwondoi askofu wa Malindi, hatungi kanuni zetu, na hakuna kesi ya kanisa inayotoka Kenya ikaenda kwake kwa rufaa. Ushirika wa Anglikana ni makanisa 42, na kila moja linajitawala. Letu lilikuwa sehemu ya Jimbo la Afrika Mashariki lililoundwa 1960, kisha 1970 likasimama peke yake chini ya Askofu Mkuu Festo Olang'. Dayosisi yenu ilipomegwa kutoka Mombasa, ilimegwa kwa taratibu za Jimbo letu wenyewe.

Kilichoyashikanisha makanisa haya ni vyombo vinne. Kuna Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye ni wa kwanza kwa heshima kati ya wenzake walio sawa naye. Kuna Mkutano wa Lambeth, ambao maaskofu huitwa takribani kila miaka kumi. Kuna Baraza la Ushauri la Anglikana, lenye maaskofu, makasisi na walei, lililokutana mara ya kwanza hapa hapa kwetu, Limuru, mwaka 1971. Na kuna mkutano wa maaskofu wakuu wa majimbo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Angalia jambo moja katika vyote vinne: hakuna hata kimoja chenye uwezo wa kulilazimisha jimbo. Lambeth ya kwanza, mwaka 1867, iliitishwa wakati mgogoro wa Askofu Colenso wa Natal, Afrika Kusini, aliyeshtakiwa kwa uzushi, ulipokuwa umewachoma watu wengi moyo, na bado Askofu Mkuu Longley wa Canterbury alishikilia kwamba mkutano ule usiwe sinodi ya kutunga sheria. Maaskofu 76 walikuja kwa masharti hayo. Tangu siku ile tunaishi kwa ushauri na kuaminiana.

Kuaminiana huko ndiko kulikopasuka.

Kwa kifupi, mambo yalikwenda hivi. Mwaka 1998 Lambeth ilipitisha azimio I.10 kwa kura 526 dhidi ya 70, na 45 hawakupiga upande wowote. Lilisema ndoa ni ya mume na mke kwa maisha yote, kwamba matendo ya ushoga hayapatani na Maandiko, na kwamba mkutano hauwezi kushauri kubariki miungano ya jinsia moja. Azimio hilo hilo liliwataka Wakristo wawasikilize na kuwatunza kichungaji watu wanaojiona na mwelekeo huo, na likawataja kuwa wapendwa wa Mungu. Vijana wako wasisome nusu moja wakaiacha nyingine. Mwaka 2003 Kanisa la Episkopo la Marekani, ndilo la Kianglikana huko, lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwenzi wa kiume, kuwa askofu wa New Hampshire. Majibu yalikuja kutoka pande nyingi na Kenya haikukaa kutazama: mwaka 2007 Jimbo letu liliwaweka wakfu jijini Nairobi maaskofu wawili Wamarekani ili wachunge Waanglikana wa kule waliolikataa jambo hilo. Mwaka 2008 Kenya, Nigeria, Uganda na Rwanda hazikwenda Lambeth, na mwaka huo huo GAFCON ikazaliwa Yerusalemu. Mkutano wake wa pili ulifanyika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, 2013.

Palikuwa na jaribio la kuziba ufa. Liliitwa Agano la Anglikana, na maandishi yake ya mwisho yalitoka 2009. Sehemu yake ya nne ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa kuwa ilitaja utaratibu na matokeo pale jimbo linapofanya jambo ambalo mengine hayawezi kulibeba. Mwaka 2012 dayosisi nyingi za Kanisa la Uingereza lenyewe ziliikataa rasimu hiyo. Nadhani huo ndio mwaka ambao historia itauangalia kwa masikitiko kuliko 2003, kwa sababu walioombwa kuwa kitovu cha umoja ndio walioukataa utaratibu wa kuulinda. Wengine wa upande wetu nao hawakuutaka, wakiona ni dhaifu mno. Agano likafa bila mtu wa kulilia.

Kisha Februari 2023 Sinodi Kuu ya Uingereza ikapitisha mpango wa sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, na zikaanza kutumika ndani ya ibada za kawaida Desemba 2023. Hapa vijana hukosea, hivyo waelezee taratibu: Kanisa la Uingereza halikubadilisha mafundisho yake ya ndoa kwenye kanuni, na kasisi wake haruhusiwi na sheria ya nchi kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja. Ni Kanisa la Episkopo la Scotland na lile la Marekani yaliyofika huko, 2017 na 2015. Wanaopinga wanajibu kwamba huwezi kubariki kwa midomo kile ambacho kanuni yako inasema si halali, na kwamba ibada nayo ni mafundisho. Hoja hiyo ni nzito. Uanglikana siku zote umeweka imani yake ndani ya Kitabu cha Sala, kwa hiyo anayegusa sala amegusa imani.

Aprili 2023 GAFCON walikutana Kigali na kusema hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa chombo cha umoja. Tarehe 3 Oktoba 2025 akatangazwa Sarah Mullally, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, ambaye akiwa askofu wa London alikuwa mstari wa mbele katika mchakato uliozaa sala zile. Siku 13 baadaye, tarehe 16 Oktoba, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa GAFCON, akatoa tamko ambalo vijana wako wanarushiana. Linasema hivi: msingi pekee wa Ushirika ni Biblia Takatifu, vyombo vile vinne vinakataliwa, majimbo yasihudhurie mikutano inayoitishwa na Canterbury, yasichangie Baraza la Ushauri wala kupokea fedha zake, yafute kwenye katiba zao maneno yanayowafunga na kiti cha Canterbury, na wanaotaka kuwa ndani wakubali Tamko la Yerusalemu la 2008, yaani tamko la imani la GAFCON. Tena likasema, na hili husahaulika sana, kwamba wao hawaondoki: wanadai wao ndio Ushirika wenyewe, uliopangwa upya.

Juu ya uanamke wa Mullally, mama, nakuomba uwe mwangalifu. Wapo katika GAFCON wanaoamini uaskofu ni wa wanaume pekee, na Askofu Mkuu Mbanda aliligusa hilo, lakini alisema linalomsumbua zaidi ni mafundisho ya ndoa. Kwetu Kenya hoja ya uanamke haiwezi kusimama peke yake. Januari 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Kijana akisema "tumemkataa kwa sababu ni mwanamke", mwulize anasimama wapi na askofu wa Butere.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa baraza lako la parishi lilishike kuliko yote. Tamko la mwenyekiti wa GAFCON si sheria ya ACK. Linawaomba wanachama wafanye jambo fulani, na kulifanya au kutolifanya ni kazi ya Sinodi ya Jimbo, kwa njia ya kurekebisha katiba. Nigeria ilifanya hivyo zamani: mwaka 2005 iliondoa kwenye katiba yake maneno ya kushirikiana na Canterbury na kuweka badala yake ushirika na wote wanaoshika imani ya kihistoria. Ilihitaji hoja, kikao na kura. Kwa hiyo mtu akikuambia "ACK imejitoa", usibishane naye. Mwombe azimio: la kikao gani, tarehe ngapi, na kifungu kipi cha katiba kimebadilishwa. Bila hayo matatu, alicho nacho ni habari ya mtandaoni tu.

Je, ikibadilishwa kweli, bado ni Waanglikana? Hapa wataalamu wenyewe wanagawanyika, nami nitakupa pande zote mbili kisha nikuambie ninavyoona. Lambeth ya 1930 ilieleza Ushirika kuwa ni dayosisi na majimbo yaliyo katika ushirika na kiti cha Canterbury. Kwa kipimo hicho, anayekata kamba hiyo ametoka. Lakini Lambeth ya 1888 ilikuwa imetaja mambo manne ambayo Waanglikana hawawezi kuyaacha wanapotafuta umoja na makanisa mengine: Maandiko Matakatifu, Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, sakramenti mbili, ubatizo na Meza ya Bwana, na uaskofu wa kihistoria. Canterbury haimo. Ukiongeza Vifungu 39 vya imani vya mwaka 1571, Kitabu cha Sala cha 1662 na taratibu za kuwaweka wakfu maaskofu, makasisi na mashemasi, hapo umeushika Uanglikana kwa mizizi yake, na vyote hivyo mnavyo Malindi. Mimi naona jimbo lililovishika vitu hivyo halijaacha kuwa la Kianglikana kwa kutokwenda Lambeth. Naona pia kwamba limepoteza kitu, kwa sababu kanisa halikuumbwa likae bila kumjibu mtu wa nje yake. Kifungu cha 20 chenyewe kinaliwekea kanisa mipaka, kwamba lisiamuru lolote lililo kinyume na Neno la Mungu, nasi hujua tumevuka mpaka huo kwa kuambiwa na ndugu wa mbali.

Watu wa Kilifi hawahitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2023, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni Shakahola, kila mtu aliuliza mhubiri yule, anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa, alikuwa akiwajibika kwa nani. Kwetu kuna mlolongo: kasisi humjibu askofu, askofu hukaa na sinodi, dayosisi hukaa ndani ya jimbo, na majimbo hushauriana. Ndiyo maana kiungo cha mwisho cha mlolongo huo kikilegea ni jambo la kuhuzunisha, hata kama sababu ya kulegea ni ya haki.

Tena pwani yetu imewahi kuwa katikati ya ugomvi wa namna hii, na vijana wausikie. Juni 1913 Askofu Peel wa Mombasa, ambaye eneo lenu lote lilikuwa chini yake, na Askofu Willis wa Uganda walikutana Kikuyu na wamisionari wa Kipresbiteri, Kimethodisti na wengine kutafuta shirikisho la makanisa. Mwishoni Peel aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi na mfarakano. Kumbuka Mombasa ilitokana na wamisionari wa shirika la CMS, wa ibada nyepesi isiyo na mapambo mengi. Zanzibar ilitokana na shirika jingine la Kianglikana, UMCA, wa uvumba na maungamo. Ugomvi ule ulitikisa Uingereza nzima. Askofu Mkuu Davidson alichukua hadi 1915 kutoa jibu, nalo halikumridhisha mtu. Lakini Weston hakuondoka. Mwaka 1920 alikuwa Lambeth, akasaidia kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote. Na mwaka 1960 Mombasa na Zanzibar zikaingia jimbo moja chini ya askofu mkuu mmoja. Silinganishi uzito wa hoja. Ule ulikuwa wa utaratibu wa kanisa, huu ni wa ndoa na Maandiko. Nasema tu kwamba miaka 47 ilihitajika, na iliwezekana kwa sababu hakuna upande uliofunga mlango kwa komeo.

Kuhusu binti yako. Kanuni ya Kanisa la Uingereza inamkaribisha Mezani kila aliyebatizwa anayeshiriki kihalali katika kanisa lake linalomkiri Mungu wa Utatu. Mwombe kasisi wenu amwandikie barua ya utambulisho yenye tarehe ya ubatizo na ya kipaimara, sahihi na muhuri. Ampelekee kasisi wa huko mapema, asingoje apate shida. Dhamiri ni jambo jingine. Parishi za Uingereza hazifanani: zipo zinazotumia sala zile mpya na zipo zilizozikataa waziwazi. Aulize kabla ya kujiunga, atajibiwa bila kuudhiwa. Asikae nyumbani Jumapili kwa sababu ya mabishano ya maaskofu. Mwanafunzi aliye peke yake ugenini asiye na kanisa huumia haraka kuliko anayekaa kwenye kanisa asilokubaliana nalo kwa kila jambo. Kama ni kasisi wenu angetaka kuhudumu huko, hadithi ingekuwa nyingine: kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1967, kasisi aliyewekwa wakfu ng'ambo huhitaji ruhusa ya Askofu Mkuu wa Canterbury au wa York. Hapo ndipo kuachana kwa majimbo kungeanza kuuma kwa vitendo.

Kuhusu kiwanja. Hofu hii imetoka Marekani, ambako parishi kama The Falls Church ya Virginia zilipiga kura kuiacha dayosisi yao, zikashtakiwa, zikapoteza majengo. Tofauti ni kubwa: zile zilikuwa parishi zilizoondoka kwenye dayosisi. Jimbo zima likibadilisha uhusiano wake na Canterbury, mwenye hati hapa habadiliki. Hatari yenu halisi iko karibu zaidi, na kila mtu wa pwani anaijua: hati isiyokuwepo, au iliyo kwa jina la mzee aliyekwisha fariki. Fanyeni sachi kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti, mwone jina lililoandikwa, na kama si la wadhamini wa kanisa, mpelekeeni mwanasheria wa dayosisi mwezi huu. Na parishi isithubutu kupiga kura ya "kujiunga" au "kujitoa" kwa niaba yake. Haina mamlaka hayo, na kura kama hiyo ndiyo inayozaa kesi.

Yapo pia mapendekezo ya Nairobi na Kairo, yaliyotolewa Desemba 2024 na tume ya Ushirika ya imani na utaratibu. Yanataka maelezo yale ya 1930 yalegezwe, yataje uhusiano wa kihistoria na Canterbury badala ya ushirika kamili nayo, na urais wa Baraza la Ushauri uzunguke kati ya kanda tano za dunia badala ya kuwa wa Canterbury siku zote. Yalipangwa kujadiliwa na Baraza hilo Belfast mwaka 2026. GAFCON wanaona ni kubadilisha viti wakati tatizo ni mafundisho. Nakubaliana nao kwa sehemu: kuzungusha urais hakujibu swali la ndoa. Lakini kunajibu swali jingine ambalo Waafrika tumeliuliza muda mrefu, kwa nini kiongozi wa Baraza letu achaguliwe kwa utaratibu ambao Taji la Uingereza ndilo linaloukamilisha. Tusilitupe jibu hilo kwa kuwa halijibu kila kitu.

Nakushauri uwakusanye vijana jioni tatu. Jioni ya kwanza wasome katiba ya ACK, kifungu cha imani ya Kanisa na kile cha uhusiano na makanisa mengine. Nakala iulizwe ofisi ya dayosisi. Ya pili wasome Tamko la Yerusalemu, lina vipengele 14 tu na linamalizika kwa saa moja. Wasimame kwenye cha 12, kinachoruhusu tofauti katika mambo ya pili, na cha 13, kinachokataa mamlaka ya viongozi walioikana imani. Kisha wajadili nani anaamua jambo gani ni la pili, maana hapo ndipo mgogoro wote umelala. Ya tatu wasome azimio I.10 lote. Mazungumzo huharibika mtu anapoleta video badala ya maandishi, au anapomtaja kijana fulani wa parishi kama mfano. La pili hilo likomeshe papo hapo; aliyetajwa ni muumini wako, na huduma yake iko mikononi mwa kasisi.

Mkimaliza, kama mna maoni, yaandikeni kama hoja: ukurasa mmoja, jambo moja, mnataka Sinodi iamue nini. Ipite baraza la parishi, isainiwe na vika na wazee wa kanisa, kisha mjumbe wenu aifikishe kwa katibu wa Sinodi ya dayosisi kabla ajenda haijafungwa. Siku ya kufungwa ajenda ulizeni leo, kwa sababu hoja nyingi nzuri za parishi hufia hapo.